DIANA NA MABOMU YALIYOFUKIWA ARDHINI

Safari hii tunawaletea maisha ya Diana wa Uingereza, ambaye wazee wetu wengi walisikia habari zake redioni.

Diana alizaliwa tarehe 1 Julai 1961. Mwaka 1981 aliolewa na Charles, mrithi wa kiti cha ufalme, wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Ndoa haikudumu, wakaachana mwaka 1996. Hatumfanyi mtakatifu. Lakini mwaka 1987, watu walipoogopa hata kumgusa mgonjwa wa UKIMWI, yeye alimpa mgonjwa mkono bila glavu, na dunia ikaona.

Januari 1997 alikwenda Angola, nchi iliyochoshwa na vita. Huko Huambo alivaa vazi la kujikinga, akapita kwenye njia iliyosafishwa katikati ya mabomu. Aliketi na watu waliokatwa miguu, watoto wakiwemo. Kwao Uingereza, mwanasiasa mmoja wa serikali alimlaumu kwamba anaingilia siasa.

Wakati ule sheria ya vita ilikuwa imekwisha kukataza kuwashambulia raia. Bomu la ardhini lenyewe halikukatazwa. Mkataba wa mwaka 1980 uliweka tu masharti ya kulitumia. Majeshi yalisema linalinda mipaka na kambi. Lakini bomu hili halichagui. Mguu wa askari na mguu wa mama aendaye kuchota maji, kwake ni mamoja. Tena amani ikitiwa sahihi, lenyewe halina habari. Kutoka 21:33-34 inamdai fidia mtu aliyeacha shimo wazi, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Ikiwa ng'ombe hulipwa, mtoto je?

Agosti 1997 Diana aliwatembelea majeruhi wa Bosnia. Tarehe 31 mwezi huo huo alifariki Paris kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 36. Kesho yake mkutano wa Oslo ulifunguliwa, na Desemba nchi 122 zilitia sahihi mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo. Haikuwa kazi yake peke yake. Wengi walikuwa wameihangaikia miaka mingi kabla yake. Kongo ilijiunga mwaka 2002, Burundi mwaka 2003. Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya zilizo jirani na Urusi ziliamua kujitoa kwa kuhofia vita. Hofu yao tunaielewa sisi tuliokimbia. Hata hivyo, atakayekanyaga kesho huenda ni mtoto wao wenyewe.

Mwaka 2019 mwanawe Harry alifika Huambo. Pale palipokuwa na mabomu alikuta barabara, nyumba na shule.

Wapendwa, wanaojiandaa kurudi nyumbani wawaulize wenyeji kabla ya kulima, na tuwafundishe watoto wasiokote chuma wasichokijua. Tuwaombee pia wanaoyafukua mabomu hayo.