Aliyeutia Muziki Mfukoni

Hapa Nyalenda fundi wa redio hupewa heshima ambayo wengi wenye shahada huikosa. Kwa hiyo siombi radhi nikiwaletea walimu na wanafunzi habari za fundi mmoja wa Kijapani, Masaru Ibuka, ambaye wengi wetu hatulijui jina lake ingawa matunda ya kazi yake yamepita katika kila ua wa mtaa huu.

Ibuka alizaliwa Nikko mwaka 1908, akafiwa na baba angali mdogo mno. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Waseda mwaka 1933. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alifungua karakana ya redio katika jengo lililoharibiwa na mabomu mjini Tokyo, na mwaka uliofuata yeye na Akio Morita wakaanzisha kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa Sony. Kinasa sauti chao cha mwaka 1950 kilizidi kilo 30, na wanunuzi wakakikwepa. Walipotengeneza chepesi zaidi, miongoni mwa walioiinua biashara hiyo ni shule. Walimu wenzangu, tusilisahau hilo. Mwaka 1955 ikafuata redio ya transista.

Mwaka 1979 Ibuka alitamani kusikiliza muziki katika safari ndefu za ndege bila kubeba mzigo. Mafundi wakachukua kinasa sauti kidogo kilichokusudiwa waandishi wa habari, wakaondoa sehemu ya kunasa, wakaondoa na spika, kisha wakaongeza visikizio vyepesi. Walkman ikaanza kuuzwa Julai mwaka huo.

Wanaomsifu Ibuka huishia hapo. Mimi naona kwamba chombo kile hakikurahisishwa kwa ustadi peke yake. Kilikatwa viungo viwili. Kwa kukosa spika, muziki ukawa wa mtu mmoja (watengenezaji wenyewe waliingiwa na wasiwasi, wakaweka matundu mawili ya visikizio ili wawili wasikilize pamoja). Kwa kukosa kinasa, msikilizaji akawa mpokeaji tu.

Hasara ya kwanza Nyalenda haikuikubali. Tumepokea udogo, lakini tukadai spika yetu. Mama anayekaanga samaki kando ya njia huweka redio ya memori kadi, isiyozidi kipande cha sabuni, na benga ya D.O. Misiani, aliyefariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, ikawafikia wateja wote na wapita njia pia.

Hasara ya pili ndiyo inayonisumbua. Simu imekirudisha kitufe cha kunasa, tena katika kiganja cha mwanafunzi, nasi tumeendelea kuishi kana kwamba hakijarudi. Mzee ajuaye kupiga nyatiti huzikwa na nyimbo zake, wajukuu wakiwa wamesimama kaburini na vinasa sauti mifukoni.

Ibuka mwenyewe, tangu mwaka 1969 alipoanzisha chama cha malezi ya watoto wachanga, alizitumia nguvu zake za uzeeni kuwahimiza wazazi wawasikilizishe watoto muziki mzuri kabla hawajafika shuleni. Alifariki Tokyo tarehe 19 Desemba 1997, akiwa na umri wa miaka 89.