Robert Koch na papasi wa njia ya misafara

Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Bujumbura leo hulala gesti. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mji huu ukiitwa Usumbura na ukiwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani, misafara ya koloni hilo ililala kwenye vibanda vya kando ya njia. Siku chache baadaye, baadhi ya wasafiri walishikwa na homa kali iliyopoa kisha ikarudi tena na tena. Daktari aliyeifuatilia homa hiyo hadi kwenye sakafu za vibanda ni Robert Koch.

Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani. Akiwa daktari wa wilaya, alichunguza ugonjwa wa kimeta kwa hadubini nyumbani kwake. Mwaka 1882 alitangaza kugundua kijidudu cha kifua kikuu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Mwaka huohuo alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Burundi, Rwanda na Tanganyika. Katika udongo wa vibanda vya misafara alikuta papasi. Papasi hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha kwenye nyufa. Usiku hutoka, hunyonya damu na kurudi mafichoni. Koch aliona pia kuwa papasi huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Kwa hiyo banda linaweza kuwa na ugonjwa hata kama mgonjwa hajalala humo kwa muda mrefu.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, Mwingereza Joseph Dutton alikuwa akichunguza homa hiyohiyo. Ilimuua huko Kasongo, Februari 1905.

Sifa za Koch zina doa. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Ssese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka. Alifariki mwaka 1910.

Homa ya papasi ingalipo Afrika Mashariki, na hufanana na malaria. Dawa zake zipo, ila kwanza daktari lazima aishuku. Ndugu msafiri, usilale sakafuni penye nyufa. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Ukirudi nyumbani na homa, usiseme tu umetoka safari. Mweleze daktari ulilala wapi.