Kapiteni Marryat na Hadithi za Bahari



Mutu akiingia katika nyumba yetu ya vitabu ataona jambo moja la kushangaza. Vitabu vya hadithi za merikebu za vita vya zamani ndivyo vilivyochakaa kuliko vyote. Jalada limetoka, kurasa zimeshonwa kwa uzi, na karatasi ya majina ya waazimaji imejaa mupaka nyuma. Na kumbe wengi wetu hatujaona bahari hata siku moja! Tunajua ziwa, tunajua mito, basi. Ndiyo maana wakubwa wetu wengine wanatuuliza: munatafuta nini katika vita vya Waingereza na Wafaransa wa miaka mia mbili iliyopita, na mitihani iko karibu?

Ulizo hilo ni la haki. Kusudi tulijibu, tumeona heri tusimulie maisha ya mutu mmoja kati ya wale wa kwanza kuandika hadithi za namna hii. Yeye hakuzitunga kwa kukaa mezani tu. Aliziishi kwanza.

Jina lake ni Frederick Marryat. Alizaliwa London tarehe 10 Julai 1792. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri na mbunge, mwenye mali katika visiwa vya Karibi, na alitetea faida za wale waliokuwa na watumwa kule. Neno hili tusilisahau, tutalirudia mbele. Mutoto hakukosa chakula wala nguo. Hata vile, alijaribu mara nyingi kutoroka kwenda baharini. Mwishoni, mwaka wa 1806, alipewa ruhusa ya kuingia katika jeshi la maji la Uingereza. Alikuwa na miaka 14. Ni umri wa wadogo wetu wa kalasi ya pili.

Wakati ule Uingereza ilikuwa ikipigana na Ufaransa ya Napoleon. Marryat aliwekwa kama afisa mwanafunzi katika merikebu iliyoitwa Impérieuse, frigeti ya mizinga 38. Merikebu ya vita ya siku zile ilikuwa ya mbao, haikuwa na mashini, iliendeshwa na upepo peke yake. Mamia ya watu walilala humo wakibanana, kila mmoja katika kitanda cha kitambaa kilichoning'inizwa kwa kamba. Kosa dogo, baharia alipigwa fimbo mbele ya wenzake. Na afisa mwanafunzi wa miaka 14 alipaswa kujifunza hesabu na nyota, kupanda milingoti wakati wa dhoruba, tena kuwaamuru watu wazima wenye umri wa baba yake.

Kapiteni wake alikuwa Lord Thomas Cochrane. Huyu alikuwa amekwisha kujulikana sana. Mwaka wa 1801, na merikebu ndogo Speedy iliyobeba watu 54 tu, alikuwa ameiteka merikebu ya Kispania El Gamo yenye watu 319. Namna gani? Aliikaribia sana, mupaka mizinga mirefu ya Waspania ikawa inapiga juu ya kichwa chake bila kumfikia. Ndipo akapanda juu yao na watu wake. Hii si hadithi ya kutungwa, ni jambo lililotokea. Kapiteni Hornblower wa mwandishi C. S. Forester, aliyetokea katika vitabu tangu 1937, na kapiteni Jack Aubrey wa mwandishi Patrick O'Brian, aliyetokea tangu 1969, wote wawili wana kitu cha Cochrane ndani yao. Na kitabu cha kwanza cha Aubrey kimeichukua vita ile ya Speedy karibu jinsi ilivyokuwa.

Basi kijana Marryat alikaa chini ya mutu huyu kwa muda wa miaka mitatu hivi, na katika muda huo aliona mapigano zaidi ya 50. Aliona pwani za Ufaransa na Hispania, aliona ngome ya Rosas mwaka wa 1808, aliona merikebu za moto zikitumwa juu ya Wafaransa karibu na kisiwa cha Aix mwaka wa 1809. Lakini alijifunza jambo lingine pia: ya kwamba kapiteni hodari hapotezi watu wake bure.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalotupendeza sisi kuliko mizinga yote. Marryat alikuwa na desturi moja: mutu akianguka majini, yeye aliruka kumfuata. Alimwokoa afisa mwanafunzi mwenzake, akaokoa na wengine wengi, tena mwaka wa 1818 alipewa medali ya dhahabu juu ya kazi hiyo ya kuokoa. Mwaka wa 1811, katika merikebu Aeolus, dhoruba kali iliwashika. Kusudi merikebu isizame, ilikuwa lazima kukata ule muti mukubwa uliobeba tanga kuu. Marryat, kijana wa miaka 19, ndiye aliyewaongoza wenzake kuufanya ukataji huo.

Akapanda cheo, mupaka akawa kapiteni. Mwaka wa 1817 alitoa kitabu, na hakikuwa hadithi. Kilikuwa kitabu cha ishara za bendera kwa merikebu za biashara. Kila bendera ilikuwa na hesabu yake, na kila hesabu ilikuwa na maana yake kitabuni. Hivi merikebu mbili zilizo mbali ziliweza kusemezana. Mabaharia wa biashara walikitumia miaka mingi. Mwaka wa 1821 alikuwa na merikebu yake akilinda kisiwa cha Saint Helena, huko magharibi ya Afrika, mahali Napoleon alipofungwa. Napoleon alipokufa tarehe 5 Mei mwaka ule, Marryat alichora picha ya maiti yake. Tena mwaka wa 1822 aliandika kitabu kidogo cha kupinga desturi ya kuwakamata watu kwa nguvu barabarani na kuwatia katika merikebu za vita. Wazee wetu, waliosikia habari za kazi ya nguvu, wangefahamu mara moja alikuwa akisema nini.

Mwaka wa 1829 alitoa hadithi yake ya kwanza ya bahari, na mwaka wa 1830 akaacha jeshi kusudi aandike tu. Kilichojulikana zaidi ni Mr Midshipman Easy, cha mwaka wa 1836. Ni habari ya kijana Jack Easy. Baba yake amemufundisha ya kuwa watu wote ni sawasawa, naye anaingia katika merikebu ambamo kila mutu yuko chini ya mwingine. Mwenye kukisoma anacheka sana.

Ndani ya kitabu hicho kuna Mwafrika anayeitwa Mesty. Alikuwa mwana wa wakubwa katika inchi ya Ashanti, akatekwa, akauzwa Marekani, akatoroka. Na sasa, katika merikebu ya watu huru, kazi yake ni kuchemsha maji ya maafisa wanafunzi. Tumebishana sana kati yetu juu ya Mesty. Wengine walisema: ni yeye mwenye akili na moyo kuliko wote, bila yeye Jack angekufa mara nyingi. Wengine walijibu: ndiyo, lakini mwandishi amemupa maneno ya kuvunjikavunjika kusudi watu wacheke, na amemwacha chini ya kijana asiyejua kitu. Tunaona pande zote mbili zina haki. Mwandishi alikuwa mutoto wa nyumba iliyopata mali katika utumwa. Baharini macho yake yalifunguka, lakini hayakufunguka yote. Inafaa tumusome tukijua hivyo.

Watoto wake walikuwa 11. Walimwomba awaandikie kitabu cha watu waliotupwa kisiwani, naye akaandika Masterman Ready, kilichoanza kutoka mwaka wa 1841. Mutoto mmoja aliyeitwa Frederick, sawa na baba, aliifuata bahari akawa afisa. Tarehe 20 Desemba 1847 merikebu yake Avenger iligonga miamba karibu na pwani ya kaskazini ya Afrika. Watu zaidi ya 200 walikufa, na yeye pamoja nao. Baba aliyewaokoa watoto wa wengine majini hakuwa pale kuruka. Haikupita miezi minane, tarehe 9 Agosti 1848, kapiteni naye akafa katika shamba lake kule Langham, akiwa na miaka 56.

Je, hadithi zake zilikufa naye? Apana. Miaka tisa baadaye, mbali sana na bahari, katika inchi inayoitwa leo Ukraine, alizaliwa mutoto wa Kipolandi. Alisoma vitabu vya Marryat katika ujana wake, na mwaka wa 1874, bado hajatimiza miaka 17, akaenda Marseille kutafuta kazi ya baharia. Ni Joseph Conrad. Mwaka wa 1890 alifika hapa kwetu, akapanda mto wetu katika mashua ya moshi Roi des Belges mupaka Kisangani. Alitumaini safari njema. Aliyoyaona ni ukatili wa wale waliotafuta pembe za tembo, na alirudi Ulaya mugonjwa. Katika mambo hayo alitoa kitabu chake juu ya Kongo, kilichoanza kutoka mwaka wa 1899. Muone basi: kitabu cha kapiteni kilimuvuta kijana wa inchi kavu, na kijana huyo akawa shahidi wa mambo ya wababu wetu.

Sasa tunaweza kuwajibu wakubwa wetu. Tunazipenda hadithi hizi kwa sababu ndani yake kijana wa umri wetu anapewa kazi ya kweli, na akikosa, watu wanakufa. Tunazipenda kwa sababu merikebu ni sawa na bweni letu: ndogo, ina kengele, ina wakubwa na wadogo, na ukigombana na mwenzako huna pahali pa kukimbilia. Tunazipenda kwa sababu hakuna kapiteni anayeamuru upepo. Aliyesoma safari ya Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume anajua jambo hili. Kapiteni anaungojea, anaupima, anatumia kidogo alichopewa.

Lakini tusidanganyike. Kurasa zile zinapendeza kwa sababu sisi tuko katika mahali pakavu. Marryat mwenyewe alijua bei yake, na mwishoni aliilipa kwa mutoto wake.

Wale walioazima vitabu hivi tangu kipindi kilichopita, tafadhali muvirudishe mbele ya likizo. Wenzenu wa kalasi ya pili wanangojea.