Hans Meyer Aaga Kilimanjaro

Hans Meyer alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1858, mwana wa mchapishaji wa vitabu. Mwaka wa 1887 aliupanda mlima Kilimanjaro, lakini ukuta wa barafu ukamzuia. Mwaka wa 1888 alikuja tena. Kabla ya kuufikia mlima alikamatwa katika vita vya Abushiri, akatiwa minyororo, hata akakombolewa kwa fedha.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Mangi Mareale wa Marangu akawapokea. Wapagazi waliwapelekea chakula kutoka chini, na Muini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao juu katika baridi kali, akilinda kambi. Tarehe 3 Oktoba wawili wale walifika ukingo wa shimo la Kibo, wakarudi kwa uchovu. Tarehe 6 walisimama kileleni.

Meyer alipoiaga nchi alichukua jiwe la kileleni, akampelekea mfalme wake, Wilhelm. Kilele nacho alikipa jina la mfalme huyo. Siku hizi chaitwa Uhuru. Mwaka wa 1898 alirudi mlimani, akaona barafu imepungua. Alifariki mwaka wa 1929, na barafu ingali yapungua.

Basi, aagaye nchi na akumbuke mambo mawili: mlima hauchukuliki, na hakufika juu pasipo chakula kilichobebwa na wengine.