Step down au kung'atuka? Safari ya Mwalimu Nyerere kutoka Kizanaki hadi Shakespeare

Ukitaja neno kung'atuka mbele ya Mtanzania, jina la kwanza linalomjia ni Mwalimu Julius Nyerere. Wengi hawajui kuwa neno hilo halikuzaliwa kwenye Kiswahili. Limetoka kwenye Kizanaki, lugha ya nyumbani kwake Butiama, mkoani Mara.

Kwa Kiingereza jambo hilo husemwa kwa maneno mawili: step down. Ukiyatafsiri moja moja unapata kupiga hatua na chini, kama vile mtu anashuka ngazi. Maana halisi, yaani kuachia madaraka, haimo kwenye neno lolote kati ya hayo mawili. Imo kwenye muungano wao.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa Kiingereza wanapokwama. Na hapo ndipo maisha ya Mwalimu yana la kuwafundisha.

Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa chifu huyo. Utoto wake ulikuwa wa kijijini: mifugo, shamba na Kizanaki.

Alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Hata Kiswahili alikisomea huko. Kiingereza kikaja juu yake, kama lugha ya tatu.

Hali hiyo haijabadilika sana Mara. Mtoto wa Kewanja, kijiji cha Nyamongo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, anaanza na Kikurya nyumbani, lugha yenye undugu na Kizanaki. Shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza, kuanzia hisabati hadi jiografia.

Kauli ndogo, maana kubwa

Vitenzi vya aina ya step down viko kila mahali kwenye Kiingereza, na vinamsumbua hata aliyesoma miaka mingi. Chukua look, yaani kutazama. Look for ni kutafuta. Look after ni kutunza. Look down on ni kudharau. Kitenzi ni kile kile, ila kineno cha nyuma kimebadilisha habari yote.

Lakini mzungumzaji wa Kiswahili, Kikurya au Kizanaki si mgeni kabisa na mchezo huu. Lugha zetu hufanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mkia unagandishwa kwenye kitenzi. Funga ikiwa fungua, mlango unaopaswa kubaki umefungwa unaachwa wazi. Piga, pigia, pigana na pigwa ni habari nne tofauti. Put on na take off za Kiingereza kwetu ni vaa na vua, herufi moja tu ikatofautisha.

Kwa hiyo mwanafunzi akiacha kuvikata vitenzi hivyo vipande vipande na kuvichukua kama neno moja, nusu ya kazi imekwisha.

Tabora, Makerere, Edinburgh

Kutoka Mwisenge, Nyerere alikwenda shule ya serikali ya Tabora, iliyokuwa inachukua vijana waliofaulu zaidi Tanganyika. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwaka huo huo alibatizwa na kuchukua jina la Julius.

Alirudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, na alihitimu shahada yake mwaka 1952.

Kufika huko ni tofauti na kusoma kitabu darasani. Kiingereza cha mtaani, cha dukani na cha mezani kimejaa vitenzi vya maneno mawili. Mtu anaweza kujua maneno mazito ya falsafa lakini akaachwa njiani na sentensi ya mpangaji mwenzake. Nyerere aliishi ndani ya lugha hiyo kwa karibu miaka mitatu.

Lugha iliyobeba hoja ya nchi

Aliporudi alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 chama cha TANU kilianzishwa, yeye akiwa rais wake.

Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi hiyo ni ya Waafrika kwanza, na lazima iandaliwe kujitawala.

Aliisema kwa Kiingereza, lugha ya watawala wenyewe, mbele ya watu walioijua tangu utotoni. Kuteleza kwenye maana kungewapa wapinzani wake mlango wa kutokea.

Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi Pugu. Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Shakespeare aongea Kiswahili

Akiwa rais, alichukua kazi ambayo ingemtosha mtu asiye na kazi nyingine. Alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963.

Hakuishia hapo. Aliirudia tafsiri yake mwenyewe, akairekebisha, na toleo jipya likatoka mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice.

Angalia jina hilo la pili. Merchant ni mfanyabiashara, tena kwa Kiingereza ni mmoja tu. Nyerere akaandika mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hakuhamisha neno kwa neno. Alichagua maana aliyotaka Mtanzania aipate, iwe unakubaliana naye au la.

Alikikuza Kiswahili, Kiingereza akakibakiza

Chini ya uongozi wake Kiswahili kilikuwa lugha ya elimu ya msingi na ya shughuli za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kiendelee hadi sekondari. Serikali haikutekeleza pendekezo hilo. Nyerere naye aliona Watanzania wakikiacha Kiingereza watajitenga na dunia.

Uamuzi huo unaligusa darasa la Kewanja hadi leo. Mwanafunzi anayeelewa kabisa somo la sayansi anaweza kukosa alama kwa sababu swali lina carry out na yeye anafikiria kubeba nje, wakati anaulizwa kufanya jaribio. Give off, yaani kutoa gesi au joto, na break down, yaani kumeng'enya chakula, ni maneno ya kawaida kwenye biolojia na kemia. Mwanafunzi asiyeyajua haonekani ana tatizo la lugha. Anaonekana hajui sayansi.

Neno alilolirudia nyumbani

Mwaka 1985, baada ya zaidi ya miaka 20 madarakani, Nyerere aliamua kuondoka Ikulu. Kiswahili kilikuwa na kujiuzulu, lakini neno hilo lina harufu ya kashfa au ugomvi. Kilikuwa na kustaafu, ambalo ni la mfanyakazi aliyefikisha umri. Kiingereza kilikuwa na step down, ambalo ukilitafsiri vibaya linakuwa kushushwa.

Yeye akaenda kwenye Kizanaki na kuleta kung'atuka: mkubwa kuachia nafasi kwa hiari yake ili wanaofuata waishike. Novemba 5, 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa kuwa rais. Uenyekiti wa CCM Nyerere aliuachia mwaka 1990.

Alifariki London Oktoba 14, 1999 na kuzikwa Butiama. Miaka zaidi ya 25 baadaye, neno lake liko redioni, magazetini na bungeni, na wengi wanalitumia bila kujua lilikotoka.

Kwa anayehangaika na vitenzi vya Kiingereza leo, njia ni ya kawaida tu. Kiandike kitenzi kizima, carry out siyo carry. Kiweke kwenye sentensi. Halafu jiulize: kwa Kikurya au Kiswahili, jambo hili tunalisemaje kwa neno moja? Ukilipata neno hilo, maana umeshaishika.