Jesse Owens: Bingwa Aliyepandishwa kwa Lifti ya Mizigo



Vijana wengi wa makanisa yetu, toka Wagenia hadi Lubunga, wanasoma hapa Kisangani, mji ambao Waprotestanti walianzishia chuo kikuu mwaka 1963. Wengine wana vipaji vya michezo pia. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya sisi wazazi na wazee tunaowalea, tunakumbuka maisha ya mwanafunzi mmoja wa zamani.

James Cleveland Owens alizaliwa tarehe 12 Septemba 1913 huko Oakville, Alabama, kusini mwa Marekani. Babu zake walikuwa watumwa. Baba yake alilima shamba la mtu mwingine, nyumbani wakiwa watoto kumi, naye akiwa wa mwisho. Alipokuwa na miaka kama tisa, jamaa yake ilihamia mji wa Cleveland. Mwalimu alimsikia vibaya alipotaja herufi za jina lake, na tangu siku hiyo akaitwa Jesse.

Kwa kuwa alifanya kazi baada ya masomo, mwalimu wake wa mbio, Charles Riley, alikubali kumfundisha asubuhi kabla ya shule. Bila mtu huyo, pengine tusingemjua Jesse.

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio hakupewa msaada wa kulipia masomo. Aliendesha lifti ya mizigo katika jengo la serikali ili apate riziki. Kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo, na timu iliposafiri alitafuta chakula na kitanda mahali pengine.

Tarehe 25 Mei 1935, mjini Ann Arbor, mgongo ukimuuma, alivunja rekodi tatu za dunia na kufikia nyingine moja, yote kwa muda wa dakika 45 hivi. Aliruka mita 8.13, na rekodi hiyo ilidumu miaka 25. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya riadha ya vyuo vya taifa zima huko Berkeley, alishinda michezo minne. Mwaka 1936, mashindano hayo yalipofanyika Chicago, alishinda minne tena. Jumla ni mataji manane ya taifa, naye bado hana kitanda bwenini.

Agosti 1936 alipata medali nne za dhahabu kwenye Olimpiki ya Berlin, mbele ya Hitler. Mjerumani Luz Long, aliyeshindwa naye katika kuruka, alimpongeza waziwazi mbele ya watu wote.

Kisha akarudi kwao. New York walimshangilia barabarani, lakini kwenye hoteli ya karamu iliyoandaliwa kwa heshima yake alipandishwa kwa lifti ya mizigo. Rais wa nchi hakumwalika. Ili kulisha jamaa yake, alikimbia kushindana na farasi kwa malipo. Biashara yake ilifilisika mwaka 1939. Baadaye alifanya kazi na vijana wa Chicago, na mwaka 1976 serikali ikampa nishani kubwa. Alifariki tarehe 31 Machi 1980, akiwa na miaka 66.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu wakimbiaji na taji linaloharibika. Maisha ya Jesse yanatuonyesha jinsi taji hilo linavyoweza kuharibika upesi. Watu walipenda mbio zake, lakini wengi hawakumpenda yeye.

Wavuvi wa Wagenia wanajua kwamba mti wa kutegea samaki kwenye maporomoko hausimamishwi na mtu mmoja. Vivyo hivyo tuwasimamishe watoto wetu. Tusimpokee kijana kanisani siku ya medali tu. Tumuulize amekula nini, amelala wapi, nani amemlipia masomo. Na akishindwa, kiti chake kati yetu kibaki pale pale, kwa maana Mungu alimpa heshima kabla hajakimbia hatua ya kwanza.