Malcolm X na nchi iliyojiona haina mfano

Wengi wetu hapa chuoni tunamjua Al-Hajj Malik El-Shabazz, yaani Malcolm X, kwa Hija yake ya Aprili 1964. Mimi huvutiwa zaidi na miezi iliyofuata.

Alizaliwa 19 Mei 1925 Omaha, Nebraska. Baba yake, mhubiri wa Kikristo, alifariki Malcolm akiwa na miaka sita. Mama akapatwa na maradhi ya akili, akalazwa, na watoto wakatawanywa. Kijana akaingia kwenye wizi, akafungwa 1946, akatoka 1952 akiwa mfuasi wa Nation of Islam. Itikadi ya kundi lile ni mjadala wa siku nyingine. Machi 1964 alijitoa, na mwezi uliofuata akaenda Makka.

Marekani ya siku hizo ilijinadi kuwa kiongozi wa ulimwengu huru na kuhesabu makosa ya wengine. Dhuluma dhidi ya raia wake weusi ilizijadili kama suala la haki za kiraia, yaani mambo ya ndani, jirani asiulize. Malcolm aliona mtego uko kwenye jina hilo. Akasisitiza kuwa ni haki za binadamu, kwa hiyo Marekani ishtakiwe Umoja wa Mataifa kama ilivyokuwa ikilaumiwa Afrika Kusini ya makaburu. Kwangu mimi, hili lilihitaji ujasiri kuliko hotuba zake zote kali: kuitoa nchi yako kwenye kiti cha hakimu na kuisimamisha kizimbani kama nchi yoyote. (Sisi Waganda, tuliokuzwa tukiambiwa nchi yetu ni Lulu ya Afrika, tusiwacheke Wamarekani haraka.)

Julai 1964 alifika Cairo kwenye mkutano wa wakuu wa OAU na kuwapa waraka wake. Azimio lililopita lilikuwa laini: lilisikitikia ubaguzi, papo hapo likaipongeza sheria mpya ya haki za kiraia. Oktoba akaja kwetu Afrika Mashariki. Alionana na Nyerere, kisha akapanda ndege moja na Kenyatta na Obote kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Walimkirimu vizuri. Lakini wakati huo mtu binafsi hakuwa na mlango wa kuishtaki dola pale Umoja wa Mataifa, na serikali zetu changa zilihitaji misaada ya mshtakiwa.

Aliuawa New York 21 Februari 1965, akiwa na miaka 39. Hakuna nchi hata moja iliyokuwa imewasilisha mashtaka yale. Rahimahullah.